Chupa ya Chai Isiyo na Chai

Mwezi wa pili mjini Kendu Bay, joto likiwa limewatoa wenye maduka wote kwenye vibaraza, Nyanchoka aliketi nyuma ya cherehani yake akiwa amevaa sweta. Wala haikuwa sweta ya mzaha. Ilikuwa sweta nzito ya kijani, ya wanafunzi wa sekondari, na alikuwa ameifunga vifungo vyote mpaka juu.

"Mama Sweta!" mwanafunzi mmoja alimwita akipita. "Umehamia Limuru kwenye baridi na hujatuaga?"

Wenzake walicheka. Nyanchoka alicheka pia, kwa sababu mtu anayeishi kwa kushona sare za shule hawezi kugombana na wateja wake. Lakini walipokwisha kupita aliacha kukanyaga cherehani, akaweka mkono tumboni. Alikuwa mjamzito. Hii ilikuwa mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, na kabla ya ile ya pili kutoka alikuwa amehisi baridi hii hii, baridi inayoanzia vidoleni ikapanda mikononi na kukataa kabisa kusikia jua.

Sasa ilikuwa imerudi.

Nyanchoka alizaliwa upande wa Rongo, katika kaunti ya Migori, kwenye nyumba ya Wasabato waliosali na kulima kwa bidii ile ile. Alijifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, na kanisani aliimba sauti ya pili. Ni sauti hiyo iliyomvuta Jeremiah, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Kendu Bay, walipokutana kwenye makambi, mikutano ya kanisa ya mwezi wa nane. Jeremiah alisema baadaye kwamba hakukumbuka hata neno moja la mahubiri ya siku ile. Wakaoana. Mama yake Jeremiah, Filister, alimpokea bibi arusi mlangoni akamwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na jina hilo likamkaa.

Filister alikuwa mjane na shemasi wa kanisa. Kwa imani yao ya Kisabato, majani ya chai hayakuingia katika nyumba yake, na kahawa pia haikuingia. Badala yake kulikuwa na soya. Aliinunua sokoni ikiwa mbichi, akaiosha, akaianika, kisha akaikaanga kwenye karai bila mafuta mpaka ikawa nyeusi kama punje za kahawa na moshi wake ukawafikia majirani. Aliipeleka kwenye mashine ya posho ikasagwa laini. Kila alfajiri alichemsha unga huo kwa maji na sukari, akaumimina kwenye chupa kubwa nyekundu yenye maua, ile ambayo kila mtu nchini huiita chupa ya chai. Chupa ya Filister ilikuwa haijawahi kuonja chai tangu itoke dukani.

"Hii ndiyo damu yetu hapa," alimwambia Nyanchoka asubuhi ya kwanza ya ndoa, akimpa kikombe kwa mikono miwili. "Mwanamke wa boma hili halali njaa na haamki bila soya."

Mimba ya kwanza ilitoka, na watu wakasema ni jambo la kawaida. Ya pili ilipotoka, hawakusema tena kwamba ni kawaida. Nyanchoka alianza kunenepa uso, nywele zake zikakatika, sauti yake ikakwaruza mpaka mwalimu wa kwaya akamwomba apumzike kidogo. Mguu uliokuwa ukikimbiza cherehani ukawa mzito kama umefungwa jiwe. Ndipo Jeremiah alipompeleka Homa Bay, kwa daktari Kerosi, kijana mrefu anayeongea huku akiandika. Daktari alimpapasa shingo, akaagiza apimwe damu, na majibu yalipokuja akamweleza polepole.

"Hapa mbele ya koo kuna tezi. Inatengeneza homoni inayouambia mwili wote uende kasi gani. Yako imechoka, kwa hivyo moyo, ngozi, sauti, hata tumbo la uzazi, vyote vinaenda polepole. Nitakupa vidonge vyenye homoni hiyo. Utameza kila asubuhi, kabla ya kula. Na usimeze kwa chai wala kwa kahawa. Unanisikia? Chai na kahawa zinaiharibia dawa kazi."

Nyanchoka alitabasamu. "Daktari, sisi ni Wasabato. Hivyo viwili havijui hata mlango wetu uko wapi."

"Safi sana," daktari alisema, akaandika.

Basi kila alfajiri Nyanchoka aliweka kidonge kwenye ulimi kabla ya kula chochote, kama alivyoagizwa, na Filister akamshikisha kikombe cha soya ateremshie. Hakukosa hata siku moja. Lakini baridi haikuondoka.

Kisha ikaja ile safari ya Migori. Mwezi wa kumi, dadake Nyatichi alimpigia simu. Nyatichi alikuwa na kibanda cha mboga katika soko la Migori, akiuza managu, kunde na chinsaga, na jirani yake mwenye duka la sare alikuwa amezidiwa na kazi za kufungua mwaka. Nyanchoka akaenda kumsaidia kushona. Nyatichi alikuwa ameolewa na Mkatoliki, na chai yake ilikuwa nyeusi ya kuogofya.

"Kwangu hakuna soya," alimwambia dadake asubuhi ya kwanza. "Kuna chai na kuna maji ya mtungi. Chagua wokovu wako."

"Nipe maji, mwenye dhambi."

Akamezea kidonge maji. Akafanya hivyo kila siku, mpaka kazi ya sare ikaisha. Na kabla haijaisha, jambo la ajabu lilitokea. Siku moja Nyatichi alirudi kutoka sokoni akasikia mtu akiimba ndani. Alisimama mlangoni na kikapu kichwani, akaogopa kuingia asije akamkatiza. Ilikuwa sauti ya pili, nzito na safi, kama zamani. Uso wa Nyanchoka ulikuwa umepungua uvimbe. Sweta ilikuwa imetundikwa ukutani. Jeremiah alipokuja kumtembelea mwezi wa kumi na moja alimtazama mke wake kwa muda mrefu kisha akasema tu, "Umerudi."

Alirudi nyumbani Kendu Bay kabla ya Krismasi akiwa mjamzito bila kujua.

Mwezi wa kwanza alipopima damu, daktari Kerosi alikunja uso kidogo. Mwezi wa pili aliukunja zaidi.

"Unameza dawa kweli?"

"Kila siku, daktari."

"Mama, sikulaumu. Lakini nimeongeza dawa na kipimo bado kinaenda upande mbaya. Unameza kwa chai?"

"Hapana."

"Kahawa?"

"Hapana."

"Vidonge vya kuongeza damu?"

"Hivyo nameza jioni, kama mlivyosema kliniki."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mtoto huyu kwa sasa anategemea sana homoni yako. Tezi yake ndiyo kwanza inaanza kazi. Ikiwa dawa haifanyi kazi ndani yako, hatuna muda wa kubahatisha. Kwa hivyo nakuuliza tena, unameza kweli?"

Nyanchoka alitoka mle ndani macho yakimchoma. Alikuwa amesema ukweli mtupu na alikuwa ameangaliwa kama mwongo.

Siku hiyo hiyo ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Ulikuwa umepitishwa mikono mingi na hakuna aliyejua umeanzia wapi. WANAWAKE AMKENI, ulisema. Kabichi na sukuma wiki zinaua tezi ya shingo. Achaneni nazo. Kunyweni soya asubuhi, mchana na jioni, itasawazisha homoni zenu.

Ubaya wa ujumbe ule ni kwamba haukuwa uongo mtupu. Ni kweli kwamba katika kabichi, sukuma na jamaa zao mna viambato ambavyo, mtu akila mboga hizo mbichi na kwa wingi mno huku mwili wake ukiwa na upungufu wa iodini, vinaweza kuisumbua tezi. Ni kweli pia kwamba soya ina viambato vinavyofanana kidogo na homoni ya kike, na wataalamu bado wanachunguza vinafanya nini na kwa nani. Lakini ujumbe uliokota vipande hivyo vya ukweli ukavishona ovyo, kama fundi aliyeunga mkono wa shati mahali pa kola. Nyanchoka, ambaye angeiona kasoro hiyo kwenye shati akiwa mbali, hakuiona kwenye simu. Alikuwa mwanamke anayeogopa, na ujumbe ulimpa kitu cha kufanya.

Akaacha sukuma. Akaacha kabichi. Akaacha hata managu, ambayo hayakutajwa. Filister alipoelezwa, alifurahi kwamba hatimaye simu imesema jambo la maana, akaanza kuijaza chupa nyekundu mara tatu kwa siku.

Baridi ikazidi. Sasa ilipanda hadi mabegani.

Nyatichi alipopiga simu, alisikia sauti ya dadake imekwaruza tena.

"Nyanchoka, umesimama wapi?"

"Jikoni."

"Mama yuko hapo?"

"Yuko nje anakaanga soya."

"Sikiliza. Ulikuja kwangu ukiwa mgonjwa, ukapona. Ukarudi kwake, ukaugua. Dawa ni ile ile, mwili ni ule ule. Kilichobadilika ni mkono unaokulisha."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisiseme? Na ukipoteza na huyu, ndiyo niseme?"

Nyanchoka alikata simu. Nje, Filister alikuwa ameinama juu ya karai, akigeuza punje kwa mwiko na kuimba wimbo wa kanisa kwa Kidholuo, moshi ukimtoa machozi. Nyanchoka alimtazama mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe aliona aibu kwa jambo alilokuwa akiliwaza.

Nyatichi hakuishia hapo. Alimpigia Jeremiah. Alfajiri iliyofuata Jeremiah alikuwa ameketi mezani kabla ya wote, nguo za kazi mwilini, macho kwenye kikombe ambacho mama yake alikuwa amekwisha kukimimina na kwenda kukamua ng'ombe. Nyanchoka alikuja na kidonge chake.

"Usinywe," Jeremiah alisema.

"Kwa nini?"

Alikivuta kikombe kwake, akanusa, akaonja kidogo, akaonja tena. Ilikuwa ladha ya utoto wake wote. Akakirudisha mezani.

"Ni mama yangu," alisema. Hakuweza kueleza kama hiyo ilikuwa sababu ya kunywa au ya kutokunywa.

Nyanchoka alikunywa. Alisema baadaye kwamba alikunywa ili mumewe asilazimike kuchagua.

Wiki ile ile, akiwa cherehanini, alihisi unyevu. Alipokwenda chooni aliona damu. Haikuwa nyingi, lakini aliitambua. Alirudi kibandani akakunja sare iliyokuwa nusu, akaiweka kando vizuri, kisha akamwita Jeremiah, aliyekuwa karakanani kwake hapo jirani, kwa sauti iliyowafanya wapita njia wasimame.

Hospitalini Homa Bay walimpiga picha ya tumbo. Muuguzi aligeuza kioo cha mashine na kumwonyesha kitu kidogo kikipepesa.

"Moyo unapiga," alisema. "Lakini utalala hapa tukuangalie."

Nyatichi alifika mapema kesho yake, mikono bado ikinuka mboga. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika dadake vidole, akavisugua kama mtu anayejaribu kuwasha moto. Jeremiah alisimama dirishani. Ndipo mlango wa wodi ulipofunguliwa na Filister akaingia, kitambaa cheupe kichwani, chupa nyekundu kifuani.

"Mama," Nyatichi alisema, "hiyo chupa iache hapo hapo mlangoni."

"Niiache kwa nini? Mgonjwa hajatia kitu tumboni."

"Ndiyo. Na hatatia."

Filister alikuja mpaka kitandani. "Nyathina, mwanangu, una kitu mdomoni. Usikitafune, kiteme."

"Haya. Unamwekea dadangu nini kwenye kikombe?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa lake. Jeremiah alisema, "Shemeji, tafadhali," lakini alisema chini sana.

Filister hakupiga kelele. Alifungua chupa, akamimina kikombe mpaka ukingoni, akanywa chote bila kupumzika ingawa kilikuwa kinachoma, kisha akakigeuza juu chini watu wote waone.

"Hesabuni," alisema. "Hesabuni nianguke."

Hakuna aliyehesabu. Akamimina tena, safari hii akamgeukia mkwewe.

"Nyar Kisii. Dawa yako iko wapi? Kunywa, dada yako aone."

Nyanchoka aliwatazama wote watatu. Akikataa, atakuwa amemtangaza mama huyu kuwa mchawi mbele ya wodi nzima. Akikubali, na Nyatichi akiwa amesema kweli, atakuwa amemnywesha mtoto wake kifo kwa sababu ya adabu. Alitoa kidonge kwenye karatasi yake. Alikiweka kwenye ulimi. Akapokea kikombe.

"Nani amempa chai?"

Alikuwa daktari Kerosi, amesimama nyuma yao na kalamu hewani. "Kila mwezi nasema, si kwa chai! Kila mwezi unaniambia humezi kwa chai!"

Filister alijinyoosha. "Chai? Daktari, usinitukane. Mimi nilibatizwa kabla mama yako hajaolewa. Hii ni soya."

"Soya?"

"Soya. Naikaanga mwenyewe."

Daktari aliteremsha kalamu. Alikichukua kikombe mkononi mwa Nyanchoka, akakinusa, akakinusa tena.

"Dawa anamezea hii?"

"Kila alfajiri," Filister alisema kwa fahari. "Mkono wangu ndio unampa. Hajakosa."

"Muuguzi, leta maji. Nyanchoka, meza kidonge kwa maji. Maji peke yake."

"Nilisema!" Nyatichi aliruka. "Nilisema kuna kitu kwenye kikombe!"

"Kipo," daktari alisema. "Lakini sicho unachofikiria. Keti, mama. Na wewe pia, keti."

Hakuna aliyeketi ila Filister.

"Hii si sumu," daktari alisema, na sasa hakuwa anaandika. "Soya ni chakula kizuri. Sisi hapa tunaipendekeza kwa watu wengi. Lakini ikikutana na dawa hii tumboni, inaizuia isiingie vizuri kwenye damu. Dawa inapita tu na kutoka. Kule Migori ulimezea nini?"

"Maji," Nyanchoka alisema. "Nyatichi hakuwa na soya."

"Na ulipona. Uliporudi, kikombe kikarudi. Sasa unakunywa mara ngapi?"

"Mara tatu. Ujumbe wa kwaya ulisema inasawazisha homoni. Na nimeacha sukuma na kabichi."

Daktari alifumba macho. "Rudia mboga zako. Zipikwe, na chumvi iwe ile yenye iodini. Sukuma ya sahani haijakufanya lolote." Akamgeukia Filister, na sauti yake ikashuka. "Mama, mimi niliuliza chai, nikauliza kahawa. Sikuuliza nyumba isiyokunywa chai inakunywa nini."

Filister alikuwa akiitazama chupa yake. "Kwa hivyo ni mimi," alisema. "Na wale wawili? Wale wa kwanza?"

"Wale hapana. Wakati ule alikuwa hajaanza dawa. Ugonjwa ulikuwa haujajulikana."

"Na huyu?"

"Huyu moyo wake unapiga. Siwezi kukuapia kwamba shida yote ni soya, kwa maana mimba yenyewe inataka dawa zaidi. Wala siwezi kukuapia kwamba hatutampoteza. Tutatenganisha, tutaongeza dawa, tutapima tena. Akimeza saa kumi na mbili, soya isubiri muda wa saa nne."

"Mpaka saa nne?"

"Muda wa saa nne. Utaishia saa nne."

"Saa nne inaishia saa nne," Filister alirudia taratibu, kama mtu anayekariri fungu la Biblia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka kwa pua. Nyatichi hakucheka. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda, na hakujua amwangalie nani.

Damu ilikauka baada ya siku chache na Nyanchoka akarudi nyumbani. Sasa kilichobaki kilikuwa kusubiri, na kusubiri kulikuwa kugumu kuliko ugomvi. Filister alitundika karai ukutani. Hakukaanga tena. Alfajiri alimletea mkwewe gilasi ya maji aliyoyachemsha na kuyapooza, akasimama akimtazama anameza, kisha akaenda nje. Usiku mmoja wa Sabato ulipita bila yeye kuimba.

"Mama, kaanga soya," Nyanchoka alimwambia. "Daktari hakuikataza. Ni saa tu."

"Mkono wangu unakataa," Filister alijibu.

Siku ya kupimwa tena, Jeremiah alifunga karakana yake wakaenda wote watatu. Daktari Kerosi alisoma karatasi akiwa amesimama. Aliisoma mara ya pili. Filister alishika kona ya kitambaa chake akaisokota mpaka kidole kikawa cheupe.

"Kipimo kimeshuka," daktari alisema. "Hakijafika tunapotaka, lakini kimeshuka vizuri, na kikishuka ndiyo dalili kwamba dawa inaingia. Endeleeni hivyo hivyo."

Walipofika nyumbani, Nyanchoka alikwenda mwenyewe akalishusha karai ukutani, akaliweka mbele ya mama mkwe wake. Filister alilitazama. Halafu akatuma soya iletwe kutoka sokoni.

Kuanzia hapo, chupa nyekundu ilijazwa alfajiri kama zamani lakini ikafungwa na kuwekwa juu ya kabati. Shule ya msingi iliyo jirani hupiga kengele ya kumaliza mapumziko saa nne, na kengele hiyo ndiyo iliyoifungua chupa. Mwezi wa nne baridi ilikuwa imeshuka mpaka vidoleni. Mwezi wa sita Nyanchoka aliivua sweta, na wanafunzi wakakosa la kusema, wakamwita Mama Sweta kwa mazoea tu. Mwezi wa nane shule zilifungwa na kengele ikanyamaza. Majirani wakashangaa kusikia, kila ikifika saa nne, kijiko kikigonga sufuria tupu uani kwa Filister badala ya kengele.

Uchungu ulimshika wiki ya makambi, kwaya ikiwa imeanza wimbo wa asubuhi uwanjani. Huko hospitali mtoto alitoka kimya. Muuguzi alimsugua mgongo kwa taulo, akamsugua tena, na Nyanchoka akainua kichwa kutoka kwenye mto. Kisha msichana yule alilia. Alilia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu, na mlangoni Filister akakaa sakafuni palepale. Daktari Kerosi aliagiza mtoto naye apimwe damu kwa ajili ya tezi. Walisubiri majibu kwa hofu mpya. Yalipokuja yalikuwa mazuri.

Nyatichi alikuja kutoka Migori na kikapu cha chinsaga kwa ajili ya mzazi. Alimbeba mtoto, akamrudisha, akazunguka nyumba akitafuta neno la kuanzia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu siku ya wodini. Filister alimvutia kiti, akaishusha chupa nyekundu, akamimina vikombe viwili. Kisha akasimama, mkono kiunoni.

"Binti yangu, nianze mimi kunywa, au utaniamini leo?"

Nyatichi aliinamisha kichwa.

"Mama," Nyatichi alisema, akikumbuka aliyosimuliwa na dadake kwenye simu, "kwanza niambie. Sufuria imegongwa?"

Filister alimtazama, akaitazama saa ya ukutani, akachukua kijiko.